Ng'ombe Hawahesabiwi

Mjukuu wangu, mume wangu wa Kondoa,

Barua yako imenikuta mzima hapa Haneti. Mvua zimeanza, na mama yako yuko shambani anapanda uwele. Unasema wanafunzi wako wananyamaza kwenye hesabu, nawe unataka kuacha ualimu.

Enzi za Mjerumani nilikuwa msichana mwenye haya. Mwalimu wetu, mtu wa pwani, aliuliza, "Zizini kwenu mna ng'ombe wangapi?" Darasa zima kimya. Tukanong'onezana Kigogo tu.

"Vichwa maji nyie! Kesho narudisha kila mtu kwao."

Niliipenda shule. Nikasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, kwetu kuhesabu ng'ombe ni kuwaitia kifo. Jioni tunaangalia tu nani hajarudi."

Akanitazama, kisha akacheka. "Haya, jana kwenu nani hakurudi?"

"Yule mweupe wa pembe moja!" mvulana mmoja akapaza sauti.

"Kwetu mweusi na ndama wake!" mwingine akadakia.

"Kumbe kutoa mnakujua!" akasema, akachukua chaki.

Usiache kazi, mume wangu. Wabadilishie swali kwanza. Bibi yako anakuandikia leo kwa mkono wake kwa sababu mwalimu mmoja alibadilisha lake.