Waya Uliosokotwa Kushoto

Jumatatu, 4 Machi

Kadi ya leo ya kupuliza: oksijeni nne na nusu, unga wa chuma gramu arobaini kwa dakika, bunduki ya moto sentimita kumi na tano kutoka kwenye shafti. Ya Ijumaa — hivyo hivyo. Ya Alhamisi, hivyo hivyo. Geji gani hiyo isiyotikisika?

Marehemu mke wangu alipokuwa mpulizaji, kadi zake zilijaa mafuta na nambari zilizokatwa. Umbali aliupima kwa shubiri kwanza, ndipo achukue rula. Sasa bunduki anayo mdogo wake, shemeji yangu. Mimi ni yuleyule wa meza ya vipimo. Kila shafti hupuliziwa pamoja na kipande kidogo kilichofungwa kando yake kwa waya. Nakigandisha kwa gundi kwenye chuma kingine, nakivuta kwa mashine. Ngozi ya chuma iliyopuliziwa isipobanduka, nasaini.

Shafti mbili zimerudi tangu mwezi uliopita, zimebanduka kama ganda la yai. Vipande vyake vilishika vizuri. Sielewi.

Jumatano, 6 Machi

Wanapuliza shafti ya pampu ya maji ya hospitali. Nilipita nyuma ya kibanda cha kupulizia kama mtu anayetafuta ufagio. Moto wa bunduki unakoroma, zamani ulipiga mluzi. Geji ya oksijeni: tatu na robo. Kadi: nne na nusu.

Nikamwambia msimamizi. Akacheka — bwana mgane, umeanza kusikia sauti kwenye mabomba? Vipande vinashika, unataka nini tena?

Mchana shemeji aliniletea chai. Hajawahi kuniletea chai. Sikuimaliza.

Alhamisi, 7 Machi

Kipande cha hospitali kimefika mezani na waya wake. Nikaanza kuufungua, ukazidi kukaza. Umesokotwa kushoto. Sisi wote humu tunasokota kulia. Mashoto alikuwa mmoja tu, na tulimzika Oktoba.

Nimekaa nacho kiganjani hadi kikapata joto. Hata kamba za viatu vyangu, akinifungia, nilishindwa kuzifungua.

Wenzangu walipotoka, nilifungua kabati la kibanda. Mkebe wa maziwa ya unga. Ndani vipande kumi na kimoja, vyote vya mkono wake. Kwa nini vingi hivyo? Nilianza kwa kumshuku shemeji. Sasa siwezi kuishia kwake. Mungu anisamehe.

Ijumaa, 8 Machi

Nimemwekea mkebe mbele yake. Hakubisha. "Dada alivipuliza wiki zake za mwisho kazini, akasema nivitazame nijifunze."

"Kujifunza, au kunidanganya mimi?"

"Mwanzo kujifunza." Akatazama viatu vyake. "Changu cha kwanza kilibanduka, shemeji. Udongo wa kaburi ulikuwa haujakauka. Ningekuletea wewe kitu kibovu siku zile?"

"Kwa hiyo ukaniletea chake."

"Nikakuletea chake."

Oksijeni je? Anasema akiipandisha bunduki inamrukia mkononi, anaogopa. Kadi ananakili tu ya dadake. Nikauliza kama dada alijua atavitumia hivyo. Akaurudisha mfuniko wa mkebe.

Nikamwambia apulize kipande kipya mbele yangu, kwa tatu na robo ileile ya Jumatano. Asikipambe. Nilisimama kwenye geji mwenyewe. Kiko tanurini, gundi inakauka, zimebaki dakika ishirini. Dereva wa hospitali yuko getini tangu saa nne, anangoja shafti. Anasema siku ya tatu hii wanabeba maji kwa ndoo hadi wodi ya wazazi.

Shemeji amekaa kando yangu, ananitazama nikiandika. Ameuliza swali moja tu: kikibanduka, utaandika na habari za mkebe?

Nikiandika mkebe, lazima niandike na mkono wa nani.

Dereva amechoka kungoja, ameingia mwenyewe. Anauliza asaini wapi. Nimemwambia aketi. Shemeji amempisha kiti chake, sasa amesimama mlangoni, na hatoki.