Papa Adalbert Amepaka Chokaa, na Serveur Ingali Inakataa

Koko, nyanya wetu sote wa kuomba shauri, nakusalimia kutoka Kasha, na naomba unisikie mpaka mwisho mbele ya kunigombeza, maana mimi nafanya kazi ya ordinateur, ile kompyuta, kwa dispanseri yetu na aliyenifundisha kazi hii ni Papa Adalbert, ambaye sasa macho yake yamepungua, maandiko ya ekra, kile kioo chake, hayaoni tena, lakini kila asubuhi anakuja kuketi nyuma yangu, na ninamupenda kama baba. Sasa tumeletewa programu mupya ya kuwekea habari za wagonjwa, itakaa ndani ya ordinateur ya laboratoire, hiyo ndiyo itakuwa serveur na zingine zote zitakuwa zinaiuliza, na maelezo yanasema mbele ya kuiweka utayarishe kwanza environnement, ni Kifaransa cha mazingira, lakini kwa ordinateur ndiyo kusema uweke Java, kile kitu programu inasimama juu yake ili ifanye kazi, basi nikamuambia, “Papa, haiwezi kuingia mpaka tutayarishe environnement,” naye akaitika tu, na kesho yake nikamukuta amepanda juu ya kiti, chumba amefagia, ukuta amepaka chokaa, anatundika pazia alilolishona muke wake, akaniuliza, “Mutoto, environnement iko sawa? Sasa inaweza kuingia?” na mimi nikasema ndiyo papa, nilishindwa, Koko, alikuwa na chokaa mpaka kwa kope.

Lakini programu inakataa, inasema Java iliyo ndani imezeeka, na Java hiyo aliiweka Papa mwenyewe wakati macho yake yalikuwa mazima, programu ya laboratoire inaitegemea mpaka leo, ndiyo kazi ya mukono wake iliyobaki ndani ya ile mashine, na naona itabidi niifute ili niweke mupya, tena daktari mukubwa anataka serveur ifunguke wiki hii, na Papa Adalbert ameshaambia parokia nzima kwamba environnement ni yeye ameitayarisha. Nifute kimya kimya, ao nimuambie?

Ni mimi Déogratias.

*

Déogratias mutoto wangu, mimi shule sikukanyaga. Barua yako nimesomewa na mujukuu wangu Carine, ambaye kazi yake ni kama yako. Tulipofika kwa chokaa ya kope tukacheka. Wewe uko na roho nzuri, lakini kichwa chako kinakimbia mbele yake.

Nani alikuambia ufute? Carine anasema, “Koko, Java mbili zinakaa ndani ya mashine moja bila ugomvi, kila moja na sehemu yake, bora tu uambie programu mupya ya kwake iko wapi.” Nikamujibu, basi ni kama mimi na mama mukwe wangu. Tulipikia kiwanja kimoja, kila mutu na babula yake, lile jiko la makala, na hakuna aliyemumwagia mwenzake maji kwa makala. Mugeni akija, unamuonyesha tu babula ipi ni yake. Wewe ulitaka kumuzimia muzee babula yake kwa ajili ya mugeni.

Utafanya hivi. Kwanza chukua kopi ya vitu vyote vya laboratoire, uiweke mbali na ile mashine. Hapo Carine amekaza sauti. Kisha weka Java mupya kwa sehemu yake, version, ndiyo toleo, ile maelezo yanataka, si ile wewe unadhani. Uijaribu peke yake, uone inaitika, ndipo ulete programu. Ya muzee usiiguse. Ukimaliza, pima tena kama laboratoire inafanya kazi. Na funika mashine mpaka chokaa ikauke, ile vumbi si dawa.

Hiyo ilikuwa kazi ndogo. Kubwa ni hii: unasema unamupenda kama baba, na umemuachia fagio. Macho yake yamepungua, akili je? Unahangaika na ekra kutafuta kile alichokiweka na sababu alikiweka, na mwenyewe ameketi nyuma ya mugongo wako. Uliogopa kumuumiza, kwa hiyo ukamudanganya mbele ya pazia lake. Usirudie.

Kesho vuta kiti chake karibu. Umuambie: “Papa, sikukufasiria vizuri. Environnement ya inje umeimaliza. Kuko ingine ndani ya mashine, na siwezi kuifanya bila wewe.” Anaweza kukasirika kidogo. Umuache akasirike, ni haki yake. Halafu umusomee kila mustari wa maelezo, pole pole, yeye aseme, wewe uandike. Parokia hakuidanganya basi, alitangulia tu kusema.

Na ile saa programu mupya itauliza Java yake iko wapi, usikimbilie kujibu. Soma swali kwa sauti, umungoje muzee. Atakuambia, maana ni yeye atakuwa amekuchagulia sehemu ya kuiweka.

Ile pazia ibaki. Daktari mukubwa akiuliza ni ya nini, umuambie ni environnement.