Chai ya Mashine

Free Area, Nakuru
Ijumaa, 18 Julai

Dada yangu Cheruto,

Nakusalimu wewe, shemeji Kipngetich na watoto wote wa hapo Longonot, wa nyumbani na wa shuleni. Baridi ya mwezi huu imewaacha salama? Huku kwetu asubuhi mtu hataki kutoa mkono nje ya blanketi. Mimi nipo. Nikisema mzima kabisa nitakuwa nimeongeza chumvi, kwa sababu kile kikohozi cha vumbi la katani hakijaniacha, lakini nakula, natembea, na mke wangu Zeddy bado ananivumilia. Mama nilimwona Mogotio mwezi uliopita. Magoti yanamsumbua, ila mdomo hauna ugonjwa wowote. Aliniuliza kama huku Nakuru kuna ugali ama watu wanaishi kwa kuangaliana.

Najua umeshangaa kupata barua ya mkono siku hizi. Ulinipigia mara tatu wiki hii na mara tatu nikaangalia jina lako mpaka likazima. Usikasirike. Masikio yangu unayajua. Miaka ishirini na saba kando ya mashine za kufuma imeyamaliza, na kwa simu nasikia tu kama mtu anakaanga vitunguu. Zamani nilikuwa nampa Zeddy aongee kwa niaba yangu, lakini yako maneno ambayo sitaki yapitie kwake. Basi nimetafuta kalamu.

Ule ujumbe wako Zeddy alinionyesha. Ati Gredi ya Saba wanasoma umuhimu wa viwanda katika uchumi wa nchi, na wewe mwalimu wao unataka fundi wa kweli awaandikie kidogo. Nilicheka, kisha sikucheka tena. Umesema kitabu kina pointi tano: kazi kwa vijana, soko la mazao ya mkulima, fedha za kigeni, kodi, na barabara. Kitabu hakijadanganya. Lakini waambie hao watoto kwamba babu yao mmoja alikuwa anakata mkonge Mogotio, na miiba ilimchoma mikono mpaka akawa hashiki kikombe vizuri. Ule mkonge ukageuzwa katani, katani ikaja kwetu Nakuru, tukaichana, tukaisokota, tukafuma magunia. Gunia likaenda Kuresoi kutiwa viazi na Kitale kutiwa mahindi. Hapo katikati alikula dereva, akala fundi wa magurudumu, akala mwenye nyumba za kupangisha, na akala mama Nyongesa aliyekuwa akituuzia chai na mandazi pale getini. Hata mvuke wa Olkaria, ule ambao watalii wanaupiga picha, ulikuwa unafika kwetu ukiwa stima na kuzungusha mota zangu. Kiwanda kilipofungwa Aprili, mtu wa kwanza kuelewa uchumi hakuwa waziri. Alikuwa mama Nyongesa. Siku ya tatu alibeba sufuria zake akaondoka.

Kilichotufunga ni gunia la nailoni kutoka nje. Ni jepesi, ni rahisi, na mkulima hana makosa kulinunua, hata mimi ningelinunua. Mwenye kiwanda alijikokota miaka minne, mwishowe akatuita uwanjani, akasema amefika mwisho. Kuna mtu anataka lile jengo liwe godauni. Na unajua godauni hilo litawekwa nini? Magunia ya nailoni. Wacha tu.

Sasa hapo ndipo Wangu alipoingia. Wangu ni mfumaji, amekaa kwenye mashine namba saba miaka kumi na tisa, mjane, anaishi mtaa wa pili kutoka hapa kwangu. Huyo mama hakukubali. Alizunguka nyumba kwa nyumba, Free Area yote, akakusanya majina ya wafanyakazi thelathini na wanne. Akaenda kuongea na wenye kahawa na wenye chai, maana hao bado wanataka gunia la katani, na wawili wakampa barua kwamba watanunua. Kisha akamwendea mwenye kiwanda na kumwambia atukodishie ile sehemu ya kufuma, tuiendeshe wenyewe. Mzee yule alikuna kichwa siku mbili, akakubali kwa sharti moja: aje injinia kutoka Nairobi ajaribu zile mashine sita zilizobaki. Nne kati yake zikifanya kazi kwa saa nzima, tutapewa. Zisipofanya, zitauzwa kama vyuma vikuukuu na jengo liende.

Na nani alikuwa fundi wa hizo mashine? Mimi. Hakuna mwingine aliyebaki. Wale niliofunza kazi wameenda Nairobi na wengine Qatar.

Ngoja nikueleze kitu kimoja ambacho hakimo kwenye kitabu. Zile mashine ni kuukuu kuliko mimi. Asubuhi ya baridi mafuta ndani yake yanaganda mazito, na ukiziwasha hivyo hivyo zinakwama, nyuzi zinakatika, mota inajizima yenyewe. Kwa hivyo fundi anafika saa kumi na moja alfajiri. Anazungusha gurudumu la kila mashine kwa mkono, polepole, kisha anaiacha ikimbie bila uzi kwa nusu saa mpaka chuma kipate joto. Sisi tunaita kuzipa chai. Mfumaji hagusi swichi kabla fundi hajasema zimekunywa. Wageni walikuwa wakisikia Wangu akiuliza kama namba saba imekunywa chai, wanadhani ni wazimu.

Siku ya kujaribu ilikuwa Jumanne ya wiki iliyopita. Watu walikuja na nguo za kanisani, dada. Wangu alikuwa amepiga pasi hata dastikoti yake ya kazi. Injinia anaitwa Joash, kijana mpole mwenye adabu, aliyezoea mashine za kompyuta. Saa mbili kamili aliuliza kama tuko tayari, na watu wakageuka kuniangalia. Nikasema tayari. Mashine ya kwanza ilipiga mara kumi hivi ikakwama. Ya pili mkanda uliteleza ukatoa moshi. Ile ya Wangu ilikata nyuzi mara nne, akifunga inakata, akifunga inakata. Kati ya sita, moja tu ilimaliza saa. Joash alikuja kando yangu akaniandikia kwenye simu yake, maana aliona sisikii, kwamba kama kuna jambo lolote linaloweza kufanywa, yeye yuko tayari kungoja hadi jioni. Nilimjibu kwa mdomo wangu huu.

"Zimezeeka, boss."

Akaandika ripoti yake.

Unajua Wangu alifanya nini baada ya hapo? Hakulia kwa ajili yake. Alikuja akanishika mikono yote miwili, akaniambia pole karibu na sikio, akasema anajua nimefiwa kuliko wao wote. Watu wakapanga foleni kunipa pole. Wakaniletea sukari na unga nyumbani, kama kwenye matanga. Nimekunywa chai ya hiyo sukari wiki nzima.

Halafu likaja jambo lingine. Watu wakaanza kusema haiwezekani mashine zote zife pamoja, lazima kuna mkono. Mmoja akasema kikulacho ki nguoni mwako, huku akimwangalia Odongo, askari wa geti. Eti alihongwa na watu wa godauni awafungulie waje kuharibu. Odongo ameapa kwa watoto wake, na hakuna anayemsikiliza. Sasa hawamsalimii. Mke wake alienda kuteka maji kwenye mfereji wa ploti, wenzake wakaondoka pale.

Dada, hakuna mkono wa Odongo. Mashine hazikunywa chai.

Nilifika alfajiri ile saa kumi na moja kama kawaida. Odongo akanifungulia. Nikaingia, nikawasha taa, nikashika gurudumu la namba moja, nikaona limeganda kwa ile miezi mitatu. Nikakaa chini kwenye kibao changu nipumzike kidogo. Sikupanga, nakuapia. Nilikaa tu. Nikaanza kufikiri kwamba zikifaulu leo, nitaamka saa tisa na nusu kesho, na kesho kutwa, na miaka mingine kumi, mpaka nianguke hapo sakafuni na katani kifuani. Wasingeniacha niende, kwa sababu hawana fundi mwingine, na mimi tangu utotoni sijui kumwambia mtu hapana. Ningemwambia nini Wangu, na ile barua yake ya majina thelathini na manne? Nikaacha mashine zimwambie kwa niaba yangu. Jua lilipochomoza nilikuwa bado nimekaa. Nilijipaka grisi kwenye mikono nionekane nimefanya kazi.

Hiyo grisi ndiyo inanisumbua zaidi. Kuchoka si dhambi. Lakini grisi niliipaka kwa akili zangu timamu.

Jana nilienda kuchukua vifaa vyangu. Odongo alinifungulia. Nilipofika kwa namba saba mikono ikaenda yenyewe. Nikaizungusha mpaka ikalainika, nikaiacha ikimbie nusu saa, nikaunga uzi. Mimi siisikii tena, naiwekea kiganja ubavuni na kujua. Ilitulia. Ilifuma kipande cha urefu wa kama mikono miwili bila kukata uzi hata mmoja. Nilipogeuka, Odongo alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kofia. Akaja karibu, akasema kwa nguvu nisikie.

"Kumbe ni nzima, fundi. Si uwaambie basi."

Hakunitukana. Hakuniuliza kwa nini. Aliniomba hivyo tu, akarudi getini.

Lori la kununua vyuma linakuja Jumatatu asubuhi na watu wa kukata kwa gesi. Jumapili baada ya kanisa wenzetu wote wanakutana kwa Wangu kuagana, na wamenipa mimi niseme neno la mwisho kwa kuwa ndimi mzee wao. Neno nitakalosema ni hili nililokuandikia. Nimelifanyia mazoezi tangu jana na kila mara linabadilika na kuwa kuhusu umri wa mashine.

Ndiyo sababu nimekuandikia wewe kwanza. Kiarie wa mboga anapitia hapo Longonot kesho asubuhi, atakupa bahasha hii mkononi, na akishaondoka nayo mimi siwezi kuirudisha. Kama Jumapili saa kumi na mbili jioni hujapata ujumbe kutoka kwangu, ujue nimeshindwa. Mpigie Wangu, namba yake iko nyuma ya bahasha. Mwambie mashine ni nzima, amwite yule injinia kabla ya lori. Mwambie Odongo hana kosa. Mwambie ni mimi. Usinitetee, na usianze na habari za kikohozi changu.

Najua utapiga magoti kuniombea, nakujua. Lakini hapo nimechanganyikiwa, dada, hata mimi sijui uombe nini. Wasiponisamehe, watanifukuza, na nitapata ule usingizi niliowaibia watu thelathini na wanne. Wakinisamehe, Jumatatu saa kumi na moja alfajiri watanitaka pale na spana yangu, nami nitaenda. Nimechoka, Cheruto. Nimechoka sana. Omba wanisamehe.

Msalimie shemeji, mwambie nimesikia ng'ombe amezaa na nimefurahi. Watoto wabusu wote, yule mdogo mara mbili. Ukienda Mogotio kabla yangu mpelekee mama dawa ya magoti, na usimwambie haya, nitamwambia mwenyewe nikiwa nimekaa mbele yake. Mungu awaweke.

Mimi ndugu yako,
Kiprugut