Kisu cha Mdogo Wangu

Mwika, 5 Juni 1951

Kwa mwanangu Ruth, huko Njoro,

Nakuandikia nikiwa kitandani, lakini akili ingali nzima. Kahawa imeanza kuiva. Nimesikia kwamba mwanao Ndelilio anakohoa, na kwamba baba yako atashuka Jumamosi kumkata kimeo.

Ruth, baba yako ni mdogo wangu, lakini ananitia kinyaa. Kisu chake ndicho anachochunia mbuzi. Nilimwona akikitia kinywani mwa mtoto wa jirani. Mtoto akatapika damu, naye akakifuta kisu kwenye suruali, akacheka: "Kaka, wewe una vitabu, mimi nina mkono!" Mtoto yule tulimzika. Ugonjwa wake ulikuwa homa ya mapafu. Kimeo hakikuwa na kosa lolote.

Mfunue Ndelilio kifua akiwa ametulia. Ukiona anahema mbiombio, na chini ya mbavu panabonyea kila anapovuta pumzi, usingoje Jumamosi. Mkimbize hospitali leo.

Sasa nikuungamie jambo asilolijua hata mchungaji. Kanisani nilikuwa nikiwahi mbele ili nisinywe kikombe cha Bwana baada ya baba yako. Nilipochelewa, nilibana midomo, sikumeza kitu. Najua ni dhambi, na siku zangu zimekwisha, lakini kinyaa hakijanitoka.

Mtoto akipona bila kisu, nitamwita baba yako tushiriki kikombe kimoja hapa kitandani. Akimkata, mwambie asinitupie hata konzi moja ya udongo kaburini.

Baba yako mkubwa,
Elimringi