Mwanasesere Ndani ya Nailoni

3 Machi

Dada,
Shikamoo. Shemeji na watoto hawajambo? Mgongo je? Mimi mzima, kufundisha chuoni tu kunanimaliza.

Nakutumia mwanasesere wa mafunzo, wa kujizoeza kumpa pumzi mtoto anayezaliwa bila kulia. Barakoa ya kupulizia hewa ikikaa vibaya usoni, kifua hakipandi. Wauguzi wako wa wodi ya wazazi wajizoeze. Ila nakusihi, chuoni yuko mmoja tu na nimemsainia mimi. Asichafuke, asichanike!

Mdogo wako

19 Machi

Mdogo wangu,
Marahaba. Wote wazima, mgongo ndio hausikii dawa.

Mgeni wako kafika, mzuri huyo! Nimemfungia kabatini na nailoni yake, ufunguo ninao mwenyewe. Hawa wauguzi wapya wana mikono mizito, wangemmaliza mapema. Nimewaeleza kwa maneno, wameelewa. Usije ukasema dada yako hajui kutunza vitu vya watu.

Dada yako

27 Machi

Dada,
Shikamoo, naandika mbiombio. Mtoe kabatini! Maneno hayaingii mikononi.

Mdogo wako

30 Aprili

Mdogo wangu,
Nisamehe kwa kimya. Mwili mzima, moyo ndio hapana.

Barua yako ilinikuta mambo yameshaharibika. Mtoto alizaliwa hakulia, nami nilikuwa chumba cha pili na mama mwingine anayetokwa na damu. Muuguzi mmoja wa wale wapya akashika barakoa, hewa ikawa inavujia mashavuni. Niliyomfundisha aliyajua yote, aliyasema kwa sauti huku anakosea. Nilipofika, mtoto ameshatutoka. Binti wa watu akaniangukia miguuni kuniomba msamaha, mimi, na ufunguo umo mfukoni mwangu.

Dada yako

9 Mei

Dada yangu,
Shikamoo, na pole. Silali vizuri.

Usijibebeshe peke yako. Ulinitii tu. Mimi ndiye niliyeandika asichafuke. Nilihofia saini yangu kuliko watoto wa watu, nami ndiye mwalimu. Naona aibu hata kukuandikia.

Mdogo wako

2 Juni

Mdogo wangu,
Marahaba. Kula, ulale.

Mwanasesere yuko chumba cha kuzalishia, shavu limechanika tumelibandika plasta, na kila asubuhi mabinti wanaanza naye kabla ya kupokezana zamu.

Jana mama wa yule mtoto alikuja kliniki. Alinishika mikono miwili akasema, “Ahsanteni, mlijitahidi sana.” Nikaitikia, “Tunashukuru.” Ndilo neno lililonitoka, na tangu hapo najichukia.

Nataka kwenda kwake nikamwambie ukweli. Njoo twende wote, maana mlangoni pale peke yangu sitabisha hodi.

Dada yako