Karatasi Chini ya Kawa

Jumanne, 26 Aprili 1988

Naandika mbiombio, sijui kama kesho nitausoma mwandiko wangu mwenyewe.

Leo ofisini wakili amenipa orodha niipige taipu. Nyumba ishirini na nne. Nikaona Kisauni, nikaona mtaa wetu, nikaona jina la Mama — namba tisa! Mwenye shamba ameshaiuza ardhi kwa kampuni, na nyumba zote zilizo juu yake zitavunjwa Idi ikishapita. Jina la Mama nililipiga vizuri bila kosa hata moja, maana wakili alikuwa amesimama nyuma yangu.

Ndiyo hali yetu siku zote. Nyumba yako, ardhi ya mwenyewe. Baba alijenga, akawa analipa kodi ya kiwanja mpaka akafa, na kaburi lake ndiyo ardhi pekee aliyopata.

Tena kuna mtego. Wiki ijayo atakuja mtu na karatasi, atasema ni za kusajili nyumba. Uongo! Ni za kukubali kuhama kwa hiari. Najua kwa sababu hizo nazo nimezipiga mimi. Wazee wetu watatia dole gumba na kumwombea dua juu yake.

Nikinyamaza, watatia. Nikisema, wakili atajua imetoka wapi, kwa kuwa ofisi ile tumo wawili tu, yeye na mimi. Na siku hizi watu wanashikwa na polisi kwa kukutwa na karatasi za siri. Karatasi tu! Mtu anachukuliwa kwake na nguo alizovaa, mamake azunguka vituo vyote asiambiwe neno.

Naogopa. Basi, nimeandika. Naogopa.


Alhamisi, 28 Aprili

Nimefanya. Lahaula, nimefanya.

Ni shauri la Zubeda, jirani yangu, tuliyesoma naye chuoni, chuo cha Kurani. Niandike kwa herufi za Kiarabu, kama tulivyofundishwa tukiwa wadogo. Askari wa kituo ni wabara watupu. Wakiikamata watadhani ni dua ya tumbo, asema, na pengine waivae shingoni. Akacheka mpaka nikamziba mdomo.

Kuipeleka nako ni rahisi. Ramadhani hii kila nyumba yapeleka futari kwa jirani, sahani imefunikwa kawa. Nani atafunua kawa ya watu njiani? Karatasi naitia mfuko wa plastiki, naiweka chini ya gazeti lililotandikwa sahanini, chakula juu. Aliyepokea asome, jioni ile ile aipeleke mbele na sahani yake.

Nimeandika: msitie dole. Kisha majina ya wenye nyumba ili kila mtu ajione. Majina ishirini na tatu. La ishirini na nne nimeliacha. Ni la Bwana Khamis, naibu wa chifu. Naye nyumba yake imo, wala hajui! Yeye ndiye apitaye kugawa notisi za wakili na kuwaambia watu hakuna neno, ni mambo ya serikali tu. Zubeda asema akijua yake imo, la kwanza atakwenda kuuliza nani kasema. Nimemwacha. Sijui kama ni dhambi. Nadhani ni dhambi.

Mama sijamwambia. Mama hana siri, Mungu anisamehe. Ukimwambia jambo asubuhi, adhuhuri hata Likoni, ng'ambo ya pili, yalijua.


Jumapili, 1 Mei

Karatasi imerudi! Imepita nyumba kumi na moja!

Nyuma yake watu wamejaza. Mmoja auliza huyo mtu wa dole aja siku gani. Mwengine ataka fundi wa bomba naye aandikwe, kala pesa zake. Mwengine kamtukana mwenye shamba matusi ya kufunguza mtu saumu. Nilicheka peke yangu chumbani. Mara ya kwanza nimecheka tangu Jumanne.

Kisha Zubeda akaja na habari, na kicheko kikaisha. Mamake aliitazama karatasi mara moja tu akasema, "Huu si mkono wa Tumu? Herufi yake ya kafu yalala kama mgonjwa."

 Mtaa huu nusu nzima tumesoma chuo kimoja! Kila mtu aijua kafu yangu! Nimejificha kwa polisi nikajianika kwa majirani. Karatasi nimeitia jikoni, ndani ya moto. Mama akauliza harufu ya nini. Nikasema ya gazeti.


Jumatatu, 2 Mei

Agneta amenisimamisha bombani. Agneta ni fundi wa cherehani, mtu wa bara. Nyumba yake kaijenga kwa kushona sare za skuli. Ni namba kumi na nne.

Hakuzunguka. Ati anajua kuna karatasi inatembea, Zubeda alimwonyesha. Zubeda! Ulimi wake hauna mfupa, wallahi. "Mimi niliona minyoo tu," Agneta akasema. "Sasa Tumu, tingatinga likija litaniuliza kama nilisoma madrasa?"

Nikamwambia sijui karatasi gani. Akanitazama. Akasema sawa, akajitwika ndoo akaenda zake.

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Nyumba saba katika zile ni za wabara. Hawana anayewaambia neno, na mimi nimewafungia mlango kwa makusudi, kisha najisifu kwa komeo langu.

Lakini nikiandika herufi za skuli kila mtu atasoma. Kila mtu ni kila mtu. Ni Agneta, na askari pia.

Nimefikiri mchana kutwa. Nikipiga taipu, je? Mwandiko hautajulikana ni wa nani, na Agneta atasoma. Mkono umefichika, mlango umefunguka. Mambo mawili kwa pigo moja! Kwa nini sikuliona hili tangu mwanzo?


Jumatano, 4 Mei

Yarabi. Yarabi. Yarabi.

Niandike kwa utaratibu, nisije nikapiga ukelele.

Mchana wakili alikwenda mahakamani. Nikapiga, maneno yale yale na majina yale yale ishirini na tatu, nakala nne kwa kaboni. Kila kiatu kilichopita ngazini nilidhani ni chake. Kaboni nilitaka kuimeza, ila nimefunga. Nikaipasua vipande nikaitia chooni. Karatasi nikazileta ndani ya buibui, zimelala kifuani, jasho lanitoka kama niko tanurini.

Moja nikampa Agneta mkononi. Alinishika kidole tu. Mbili kwa Zubeda. Ya nne nikaiweka chini ya viazi vya nazi, sahani ya Bi Nyevu muuza mkaa. Nikafunika kawa. Nikaingia kuoga.

Nimetoka, sahani haipo.

"Nimempelekea Bi Barke," asema Mama, "nimekwenda mwenyewe." Ati ile sahani ya maua ni ya Bi Barke, imekaa hapa tangu juzi, na yeye haoni vyema kumrudishia mtu sahani tupu, Ramadhani hii. Cha Bi Nyevu atakipika kesho.

Bi Barke ni mke wa Bwana Khamis. Mke wa naibu wa chifu!

Sahani sikuiangalia. Nilichukua iliyokuwa karibu, mjinga mimi, akili yote iko kwenye karatasi.

Nikataka kukimbia nikaichukue. Niseme nini? Nirudishieni viazi? Adhana ikalia nami nimesimama uani na maji yanichuruzika. Tende nikawa naigeuzageuza mkononi. Mama akasema, "Kula basi! Waogopa nini, mwanangu?" Nami sikuweza kumwambia.

Ningalimwambia tangu mwanzo, asingaligusa sahani ile. Nilimficha ili tusalimike. Mficha uchi hazai. Leo nimelijua hili, na nimechelewa.


Alhamisi, 5 Mei

Hakuna lililotokea. Hii ndiyo mbaya zaidi. Kila hodi nakimbilia dirishani.

Kazini wakili akanipa notisi nyingine nipige. Nikapiga mstari mmoja, nikaacha. Ile "e"! Taipureta yetu "e" yake imepanda juu ya wenzake, kila neno. Miaka mitatu naiona na sikuwahi kuijali. Notisi zote zina "e" hiyo. Karatasi yangu ina "e" hiyo. Na notisi anazigawa nani? Bwana Khamis! Anazo kabatini rundo zima! Akiziweka pamoja mezani, basi, mtoto wa darasa la pili ataona zimetoka mahali pamoja.

Nilifikiri nimeuficha mkono. Nimeacha alama iliyo wazi kuliko kafu.

Jioni Agneta kaja mlangoni, uso wang'aa. Mtu wa dole alipita leo asubuhi. Agneta alikuwa ameshawasomea wabara wenzake sita kwa sauti, barazani kwake, na hakuna hata mmoja aliyetia. Mzee mmoja kamfukuza na mwiko. Kwa kina Zubeda pia hakupata kitu. Kapata wawili tu mtaa mzima.

Nilifurahi. Naandika ukweli, nilifurahi kama dakika moja. Kisha nikakumbuka viazi.


Ijumaa, 6 Mei, alasiri

Leo sikwenda kazini. Nimesema naumwa, wala si uongo.

Bi Barke yuko uani. Na Mama. Naandika kitandani, mlango nimeutia komeo, dirisha liko wazi kidogo, nawasikia.

Amekuja mikono mitupu. Bi Barke, ambaye hata kuomba chumvi huja na kitu! Wameamkiana, wameulizana hali za watoto, za wajukuu, za jua hili. Kisha amesema: palikuwa na karatasi chini ya viazi.

Mama: "Karatasi gani?"

Ati hilo ndilo Bi Barke alilokuja kumwuliza Mama. Alikuwa amesikia kuna moja ya herufi za Kiarabu, wanawake wakaisoma, yeye haikumfikia. "Ile ningejisomea mwenyewe," asema. "Chuoni nilisoma. Skuli sikutiwa. Hii yenu ni ya herufi za skuli, sikuambulia hata moja. Nikampa Bwana Khamis anisomee."

Akampa amsomee. Nimeuma leso.

Karatasi ile ingalikuwa kwa mkono wangu, na kafu yangu mgonjwa, ingaliishia kwake. Angaliisoma, akanyamaza, kama wanawake wote kumi na mmoja walivyonyamaza. Nimewafungulia Agneta na wenzake nikamfungia yeye, naye akaenda kutafuta wa kumfungulia.

Bwana Khamis alisoma kimya. Mkewe akamwambia soma nami nisikie. Akasema ni matangazo ya dawa. Kisha akaenda kabatini, akatoa karatasi zake za kazi, akazipanga mezani. Akatazama hii, akatazama zile. Hakula daku. Jana asubuhi akavaa kofia akatoka, na mpaka saa hii hajarudi. Hajapata kulala nje ya nyumba yake mwezi wa Ramadhani, asema Bi Barke, tangu amwoe.

Amekwenda wapi? Kituoni? Kwa wakili? Au amelisaka jina lake pale asilione, akaenda kumshukuru wakili?

Mama hasemi kitu. Mama! Sijapata kumsikia amenyamaza hivi.

Sasa Bi Barke amesema tena, kwa sauti ya chini. Amesikia kuna majina. Hajui kama lao limo. Mumewe hamwambii. "Tumu ni mtu wa taipu, yeye atajua. Niitie. Naomba anambie tu, yetu imo?"

Katika karatasi haimo. Nikijibu hivyo nitakuwa sikusema uongo, naye ataondoka na moyo mkunjufu, atakaa ndani mwake mpaka tingatinga lifike ukutani. Nikisema imo, nimekwisha. Jina lile liko kwenye orodha moja tu duniani, na walioiona orodha hiyo ni wakili na mimi.

Na kama ametumwa? Kama Bwana Khamis amesimama nyuma ya ua hivi sasa, anasikiliza? Nimechungulia dirishani, sioni mtu, lakini ule ua ni mrefu.

Mama amegonga mlango. "Tumu! Ndoo huku, mwanangu. Mgeni analia."

Analia kweli. Namsikia.

Nimeitika, "Abee."