Mkono Wangu na Kinamasi

Jumatatu, 9 Februari
Binti yangu kapiga simu, kifunguamimba. Anakuja! Siyo likizo — kazi. Ofisi yao ya mazingira imemtuma huku kwetu, kinamasini. Sikuuliza zaidi. Nimefua shuka. Nimemhamisha kuku aliyekuwa anaatamia chumbani mwake.

Jumatano, 11 Februari
Kafika. Kakonda, mabega yametoka kama ya marehemu baba yake. Alipokwisha kula akanieleza polepole. Kumbe nchi nyingi ziliketi zikaahidiana mimea na wanyama wasiishe. Yetu nayo ikatia sahihi. Sasa kila nchi inapeleka ripoti: uliahidi hiki, umefanya nini? Siku ya kupeleka ni mwisho wa mwezi huu. Ardhi ambayo nchi imeitunza haijafikia ahadi. Wametazama ramani, wakaona kinamasi chetu, wanataka kukifunga kitunzwe. Kasema wale ndege wa kishungi wanakwisha. Kweli, siku hizi hata mimi siwasikii.
Nikauliza, na matete yetu ya majamvi?
Akasema kinamasi kikifungwa, hakuna kukata.
Nikakusanya vyombo. Matete hayo ndiyo yaliyompeleka shule.

Alhamisi, 12 Februari
Mama Pacha, jirani, kaja kuazima ungo. Ungo wenyewe kausahau — alifuata habari. Kasema ndege wamefanyiwa mkutano wa dunia, sisi hata wa mtaa hatujaitwa! Nikacheka. Nikamwambia upo, Jumamosi, kura ya kunyoosha mikono, na tusipokubali sisi kinamasi hakifungwi. Ndivyo nchi zilivyokubaliana, wenyeji waulizwe. Basi vizuri, akasema, wote tutatazama mkono wako, wewe ndiye mama wa mwenye ramani.


Ijumaa, 13 Februari
Mkubwa wake wa ofisini kapiga simu. Sikutega sikio, simu ilikuwa kwenye spika na ukuta ni wa matete, sauti inapita tu. Anataka kinamasi kiwemo kwenye ripoti. Akamkumbusha kwamba mkataba wake wa kazi unaisha karibuni. Halafu akacheka — hata mama yako umeshindwa kumshawishi?
Mwanangu akatoka kabana midomo. Nikamwambia asihofu, nitanyoosha mkono, na wenzangu watanifuata. Nilidhani atafurahi. Akaushika mkono wangu, akatazama makovu ya matete.
"Mama, ukinyoosha kwa ajili yangu, nitaandika kwamba mmeridhia. Na huko ripoti inakokwenda wataamini."
"Na nisiponyoosha?"
"Nitaandika hivyo, kwamba hamkuridhia."
"Na kazi yako?"
Akachukua ndoo, akaenda kuchota maji. Mapipa yote yalikuwa yamejaa.

Jumamosi, 14 Februari
Naandika nimesimama. Watu wamepumzika kidogo kabla ya kura, nimekuja nyumbani kuchukua vikombe wanywe maji. Uwanja umejaa. Mama Pacha amenitandikia mtandio wake benchi la mbele kabisa. Mimi nilitaka nyuma.
Mwanangu kaongea vizuri. Hakuficha kitu — wala ndege, wala matete. Mama Pacha akamuuliza, tukikataa je? Kajibu bila kupepesa, ataandika tumekataa, na sababu zetu. Watu wakaguna. Mimi nilikuwa naangalia mabega yake.
Mungu wangu, nifanyeje? Yule ni wangu. Na wale nao ni wangu.
Namsikia anaita, haya wazazi wangu, turudi. Wazazi — kasema hivyo kwa wote.
Vikombe ni vingi, vitanijaza mikono yote miwili. Lakini nikifika watavipokea, na mkono wangu utabaki mtupu, wote wakiutazama.